Kabla Hujainunua Postikadi ya Askari, Igeuze

Miaka michache iliyopita nilinunua mtandaoni postikadi iliyoonyesha askari wanne Waafrika wa jeshi la Wajerumani, wamejipanga mbele ya ukuta mweupe, bunduki mabegani, wakiikazia kamera macho. Niliituma kwenye kundi la ukoo wetu nikaandika kwa majivuno kwamba hao ndio waliopigana Tanga mwezi wa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Pongezi zilimiminika. Baba mdogo, ambaye ujanani alikuwa mkusanyaji wa stempu, hakunipongeza, bali aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umeigeuza?"

Nilikuwa sijaigeuza. Nyuma kulikuwa na stempu yenye picha ya meli ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, thamani yake imeandikwa kwa heller, sarafu ndogo ya koloni, na juu yake muhuri wa posta wa mwaka 1908. Mashujaa wangu wa Tanga walikuwa wamesafirishwa kwa posta miaka sita kabla ya vita kuanza.

Tangu siku hiyo huanza na upande wa nyuma, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilihesabiwa kwa sarafu ndogo iliyoitwa "pesa" hadi mwaka 1905, ndipo heller ikachukua nafasi yake. Mwaka huohuo Ujerumani iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari ili mtumaji apate pa kuandikia ujumbe. Uingereza ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 1902. Kwa hiyo kadi ya Kijerumani isiyo na mstari huo kwa kawaida ilichapwa kabla ya mwaka 1905, hata muuzaji akikuapia kuwa ni ya vitani. Kumbuka pia kwamba muhuri hukuambia siku kadi ilipotumwa, haukuambii siku picha ilipopigwa. Vita vilipoanza, manowari za Uingereza ziliziba bahari, na kutoka Ujerumani ni meli mbili tu za msaada, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, zilizofanikiwa kufika pwani yetu. Picha mpya zingetokaje huku hadi Berlin? Mchapishaji aliyetaka kuuza kadi za vita vya makoloni alikuwa na njia rahisi, nayo ni kuchukua picha ya zamani na kuibandikia maneno mapya.

Ukimaliza nyuma, rudi mbele, lakini usianze na sura. Anza na maelezo yaliyochapwa chini ya picha, kisha jiulize yaliandikwa kwa ajili ya nani. Ofisa Mzungu aliyepigwa picha mara nyingi hutajwa kwa cheo na jina. Mwafrika aliye kando yake huitwa "askari" tu, hata kama ni mmoja wa Wasudani ambao Wissmann, ofisa wa Kijerumani, aliwaajiri kutoka Misri mwaka 1889, au ni Mnyamwezi aliyejiunga miaka mingi baadaye. Rangi nazo usiziamini, kwa kuwa nyingi zilipakwa kiwandani Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuiona sare yenyewe.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni kuziweka kadi za nchi mbalimbali pamoja mezani. Ufaransa ilipeleka kwenye medani za Ulaya wanajeshi kutoka sehemu nyingi za Afrika Magharibi, wote wakaitwa "Wasenegali", na wachoraji wake wakawaonyesha kama watoto wakubwa wanaocheka huku wakizungumza Kifaransa kilichovunjika. Kinywaji cha Banania kilianza kujitangaza kwa sura hiyohiyo mwaka 1915. Wajerumani waliwachora wanajeshi haohao kama wauaji wenye visu, wakalalamika kwamba ni aibu kuwaleta Waafrika kupigana na Wazungu. Ilhali wao wenyewe walikuwa wakiwasifu askari Waafrika wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, kwa uaminifu. Mwafrika mwenye bunduki alikuwa mtiifu au mnyama kutegemea bunduki imeelekezwa kwa nani. Sijapata somo la propaganda lililo wazi kuliko hilo, na gharama yake ilikuwa kadi sita na kikombe cha chai.

Kuhusu ununuzi nitasema machache. Kabla ya kutoa fedha, itafute picha hiyo kwanza katika Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni, ambako hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka maelfu ya picha zake kuanzia mwishoni mwa mwaka 2008. Humo zimo nyingi za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa na biashara yake Dar es Salaam na aliyeviona vita hivyo kwa macho yake. Ukiipata picha bure, huenda unachokihitaji si kadi. Ukiamua kununua, mwombe muuzaji picha ya pande zote mbili, na zionyeshe kingo zote nne.

Nasisitiza kingo kwa sababu. Picha aliyoniwekea muuzaji wa ile kadi yangu ilikuwa imepunguzwa pembeni. Kadi yenyewe ilipofika, na baada ya swali la baba mdogo, niliichunguza kwa kioo cha kukuzia. Kwenye ukingo wa kushoto, nyuma ya askari wa mwisho, upo mkono wa mtu wa tano ambaye mwili wake umeachwa nje ya picha. Mkono huo umeshika kamba ya mzigo. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari katika vita vya 1914 hadi 1918, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, na Kariakoo ya Dar es Salaam bado inabeba jina la kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps. Katika kadi zote nilizonazo za Afrika Mashariki, huo mkono ndio mpagazi pekee.