Kipande Hutoka Kwenye Kalibu Kabla Hujamimina

Wengi wanaoanza kumimina vitako vya mashine kwa epoksi na mawe huogopa kwamba mchanganyiko hautaganda. Ukipima rezini na hadena, zile sehemu mbili za epoksi, kwa mizani, utaganda tu. Kinachoharibu kazi ni kuganda pamoja na kalibu, ukabaki na jiwe la kilo 34 lililovaa mbao. Usisahau kwamba unachomimina ni gundi, na kazi ya gundi ni kushika. Kila hatua hapa chini, hata ya kuchagua kokoto, mwisho wake ni siku ya kufungua.

Mawe kwanza. Jiwe la matumbawe linalojengewa nyumba za pwani, Lindi mpaka Mikindani, liache huko huko kwenye nyumba. Lina vitundu, hunywa epoksi na kukuachia mchanganyiko mkavu. Tafuta kokoto ya mwamba mgumu, wa namna ya vilima vya Masasi. Kipimo ni tone la maji: likizama ndani ya jiwe, achana nalo, likikaa juu, chukua. Mchanga wa ufukweni nao haufai, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu na maganda yake huvunjika. Chukua wa mtoni, uuoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka yatoke meupe.

Kisha kausha, na kukausha maana yake si kuanika nusu siku. Kaanga kwenye karai juu ya mkaa, au tandaza juu ya bati siku mbili za jua kali na uanue kabla ya umande. Tia konzi moja kwenye chupa ya kioo, funga, weka juani. Kioo kikitoa ukungu kwa ndani, rudisha karaini. Yakishakauka yafunge kwenye ndoo zenye mifuniko, na uyaache yapoe kabisa, kwani jiwe la moto hugandisha epoksi mikononi mwako.

Kiasi cha epoksi usikikisie. Changanya mawe makavu kwa uzito: nusu kokoto ya milimita 6 hadi 10, sehemu ya tano chenga za milimita 2 hadi 4, sehemu ya tano mchanga, na inayobaki, kama sehemu ya kumi, vumbi la mawe. Kokoto kubwa kabisa isizidi robo ya ukuta mwembamba wa kipande. Jaza ndoo ya lita 5, itikise mpaka mawe yashuke, ongeza mpaka ijae, halafu mimina maji taratibu ukiyapima. Yakiingia lita 1, uwazi ni asilimia 20, na huo ndio ujazo wa epoksi unaohitaji. (Mawe hayo ya majaribio yaweke kando, yamelowa.)

Chukua kitako cha drili ya mezani cha milimita 600 kwa 300 kwa 80. Ni lita 14.4. Asilimia 20 yake ni karibu lita 2.9 za epoksi, sawa na kilo 3.2, ongeza sehemu ya kumi kwa inayobaki kwenye ndoo na mwiko, iwe kilo 3.5. Mawe ni kilo 30.5: kokoto 15, chenga 6, mchanga 6, vumbi 3.5. Ukiona unahitaji epoksi mara mbili ya hiyo, tatizo ni mpangilio wa mawe. Epoksi nyingi haiongezi nguvu. Huongeza gharama, joto na kusinyaa, na kusinyaa ndiko kunakobana kiini cha kalibu, yaani ile sehemu inayoacha tundu kwenye kipande.

Hali ya hewa ya Kusini mwa Tanzania ina lake. Kopo lililoandikwa kwamba una dakika 40 kabla epoksi haijaganda kwa joto la nyuzi 25 litakupa kama dakika 25 kwa nyuzi 32, kwa hiyo nunua hadena ya polepole na mimina saa mbili asubuhi umande ukishakauka. Miezi mikavu ya kusi ndiyo mizuri. Wakati wa mvua, hadena nyingi huchukua unyevu na hewa ya ukaa zikaacha utando kama nta juu ya kipande. Funika uso kwa nailoni mara umalizapo, na utando ukitokea usugue kwa maji ya uvuguvugu, si thina. Kuna hadena za fenalkamini zinazovumilia unyevu, na cha ajabu ni kwamba hutengenezwa kutokana na mafuta ya ganda la korosho. Usichukue hilo kama ruhusa ya kutia mafuta mabichi ya ganda kwenye ndoo. Yatakuunguza ngozi na hayatagandisha chochote.

Sasa kalibu. Mbao za marini, yaani plaiwudi ya kuhimili maji, zenye uso laini zinafaa. Kata pande zote zifungwe kwa skrubu na zifunguke moja moja kwa nje, usigundishe kona. Kuta zilale nje kwa nyuzi 2, na kiini kinachotoboa kipande kiwe na nyuzi 3, kwa sababu epoksi husinyaa kuelekea kwenye kiini na kukikumbatia. Kama tundu halihitaji usahihi, tumia kipande cha povu gumu la polistireni na ukichimbue baadaye. Kona za ndani zijaze kwa nta au udongo wa kuchezea ili ukingo uwe mviringo. Ukingo mkali ndio unaovunjika wa kwanza. Angalia kila ukuta kwa macho ya anayetaka kutoka: kichwa cha skrubu kilichojitokeza milimita 1 kinatosha kukifunga kipande kizima.

Paka nta ngumu ya kung'arishia mara 5, kila mara isubiri ikauke na ifutwe mpaka iteleze, kisha paka utando wa PVA (plastiki inayoyeyuka kwa maji) wa kutolea vipande na uuache ukauke. Asiyepata PVA atumie solotepu pana ya kufungia maboksi, kwani epoksi haishiki plastiki yake. Mistari ya tepu itaonekana kwenye kipande, lakini kitatoka. Mafuta ya injini hayafai. Huchanganyika na epoksi na kuacha uso unaonata. Dawa ya silikoni hutoa vizuri ila rangi haitashika baadaye.

Nati na bamba za chuma zitakazobaki ndani ya kipande zisugue kwa msasa, uzifute kwa asetoni, na kuanzia hapo usizishike kwa mkono mtupu. Bolti inayoziegemeza kwenye ukuta ipake grisi kwenye nyuzi zake tu. Hesabu bolti zote na uandike idadi juu ya kalibu. Kipande kinachokataa kutoka mara nyingi kina bolti moja iliyosahauliwa.

Vaa glavu na barakoa, vumbi la mawe ni adui wa mapafu. Koroga rezini na hadena, tia kwenye mawe upesi; kilo 3.5 zikiachwa peke yake ndooni huchemka na kutoa moshi. Paka ukutani safu nyembamba ya epoksi na vumbi la mawe, kisha jaza kwa matabaka ya sentimita 3, ukitetemesha kila tabaka mpaka mapovu yapungue. Uso muhimu uwe chini. Ukitetemesha kupita kiasi kokoto huzama na epoksi huelea, na inayovuja kwenye viungo hugundisha kalibu na meza, kwa hiyo tandika nailoni chini.

Ngoja saa 24, siku za baridi 36. Toa bolti zote, fungua kuta, gonga kwa nyundo ya mpira ukizunguka. Kikigoma, usitie bisibisi kwenye ukingo. Tumia kabari za mbao pande mbili kwa zamu, mwagia maji ya uvuguvugu yayeyushe PVA, au puliza upepo wa kompresa kupitia tundu ulilotoboa chini ya kalibu na kulifunika kwa tepu kabla ya kumimina. Kikishatoka kilaze juu ya sehemu iliyonyooka na usikifungie mzigo mpaka siku ya saba.