Kizibo cha jino kikigeuka rangi, usikimbilie kukichimba

Wewe unayeanza kazi ya meno, atakuja mgonjwa ambaye kizibo chake cheupe kimegeuka manjano, na atakuomba ukitoe uweke kingine. Mimi nilikubali ombi hilo mwaka wangu wa kwanza. Nilichimba kizibo cha jino la mbele, nikaweka kipya, mgonjwa akaondoka anatabasamu. Baada ya miezi michache alirudi na rangi ileile. Nilikuwa sijamuuliza anakunywa nini, na kizibo nilikuwa nimekiacha bila kukisugua vizuri.

Vizibo hivi ni resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo au silika. Resini hunyonya maji taratibu, na maji huingia na vilivyoyeyuka ndani yake. Asidi huilainisha resini na kulegeza gundi inayoshika chembe zile. Nyingine hubanduka, uso ukaanza kukwaruza. Rangi ikifika hapo imeshapata pa kushika.

Hapa ndipo wengi hukosea. Soda ya kola ina pH (kipimo cha uchachu; namba ikipungua, uchachu huzidi) ya karibu 2.5, wakati kahawa na chai ya rangi zipo karibu na 5. Ungedhani kola ndiyo inayochafua zaidi. Lakini vizibo vikilowekwa maabara, mara nyingi kahawa, chai na divai nyekundu huacha doa zito kuliko kola, kwa kuwa rangi zao hujishikiza kwenye resini na nyingine huzama ndani. Kola huharibu uso, ila haina rangi nyingi ya namna hiyo. Divai ina vyote viwili, asidi na rangi. Kwa hiyo swali la "unakunywa soda?" halitoshi. Uliza anakunywa nini baada ya nini, mara ngapi kwa siku, na kama humaliza kwa mara moja au hunywa funda moja moja tangu asubuhi hadi jioni. Huyo wa funda moja moja ndiye ninayemhofia zaidi.

Kisha tazama doa lenyewe. Mstari mweusi pembezoni mwa kizibo ni habari nyingine: huenda kimeachana na jino, chunguza kama kuna kuoza. Kama rangi imetanda juu tu, king'arishe kwanza. Nimeokoa vizibo vingi kwa dakika chache za kung'arisha. Rangi iliyozama ndani haitoki hivyo, na hapo kubadilisha kuna sababu.

Sehemu kubwa ya kinga imo mikononi mwako siku ya kuziba. Resini ya kawaida igandishe kwa tabaka zisizozidi milimita 2, ncha ya taa ya kugandishia ikiwa karibu na jino, na taa yenyewe uipime nguvu mara kwa mara. Resini isiyoganda sawasawa hunywa rangi haraka. Tabaka la juu lililogusana na hewa haligandi kikamilifu, kwa hiyo liondoe na ung'arishe hatua zote, hata kama foleni ni ndefu.

Mgonjwa mwambie asukutue kwa maji baada ya kinywaji kichachu na asipige mswaki papo hapo. Mwambie pia kwamba dawa za kufanya meno yawe meupe hubadilisha rangi ya jino, kizibo hubaki na rangi yake. Kisha piga picha ya kizibo kipya kabla hajaondoka, uiweke kwenye faili lake.