Unataka kuimba taarab ya asili? Jifunze kungoja

Kila mara napata meseji za wasichana wanataka kuimba taarab, nami nafurahi wallahi, ila swali lao la kwanza ni maiki gani nzuri. Maiki! Siti binti Saad, mwimbaji wetu mkubwa wa taarab wa zamani Zanzibar, alikuwa akitembeza vyungu kutoka kwao Fumba, ananadi njia nzima, maiki yake ndo hiyo, na 1928 akenda Bombay kurekodi santuri.

Mie nilijifunza kwa kuharibu. Harusi moja hapa mjini, nina mafua, spika mbovu sijisikii kabisa, basi nikawa napiga kelele nishindane na fidla na akodioni, ubeti wa pili nishachoka, wa tatu sauti ikatoka kama bawaba isotiwa mafuta. Wiki tatu nikitaka kitu naandika kwenye kikaratasi, hata kumwita mwanangu aje kula siwezi. Mwalimu wangu, mzee mpiga udi, ile ala ya nyuzi, pole hakunipa. "Nani kakwambia ushindane? Wale wanakujibu."

Ndo siku nilofahamu. Taarab yetu hii, ya kina Ikhwani Safaa, kikundi cha Zanzibar kilichoanza 1905, haiimbwi mfululizo. Kwanza inapigwa bashraf, muziki mtupu wa kufungulia, wewe umekaa kitako, ukisimama unaimba kipande, fidla zinakujibu, unangoja. Hapo kwenye kungoja ndo unavuta pumzi ya tumboni si ya kifuani, unameza mate, unaisikiliza ganuni, ala ya nyuzi nyingi, iko maqamu gani, yaani ngazi gani ya sauti, usije ukaingia pembeni. Na ndo wakati wa watu kuja kukutunza, mama wa watu katoka kule nyuma noti iko juu anakuja kwa mwendo wa madaha, sasa wewe ukikimbilia ubeti kabla hajafika ushamvunjia starehe yake, na noti pengine anarudi nayo hahaa.

Kwa hiyo anokuja kwangu, miezi ya mwanzo maiki haioni, ni yeye na udi mmoja tu. Shairi alijue kwa ghibu na fumbo lake alifahamu, maana ukiimba kijembe na uso wa kuomba radhi ukumbi mzima unajua hujui unachosema.

Ukishikwa na mafua usiimbe, waambie wenye harusi mapema wamtafute mwengine. Pesa inauma, najua. Ndo maana nasema kazi ya mchana usiache, mie mpaka leo nashona.

Ya maqamu nitaandika siku nyengine, mpiga fidla wetu kashanipigia simu mara mbili, mazoezi yameanza na ufunguo wa chumba ninao mie.