Jina la ngano za kale: ijue hadithi hadi mwisho kabla ya kumpa mtoto

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mnatarajia mtoto wa kike, kwamba mkeo amelipenda jina la Pandora kwa jinsi linavyosikika, na kwamba mama yako hataki majina ya miungu ya watu wa kale nyumbani kwake. Mimi ni mkazi wa Tanga na mwanangu wa kwanza anaitwa Rustam, kwa hiyo jambo hili nimelijadili sana na wazee.

Hoja ya mama yako ina uzito. Katika ngano za Wagiriki na Warumi yamo majina ya walioabudiwa, kama vile Athena, Diana na Aurora, na yamo majina ya wanadamu, kama Penelope, ambaye alimngoja mumewe miaka 20 akiwakataa wachumba waliojazana nyumbani mwake. Kwetu Waislamu tofauti hiyo ni kubwa. Lata, Uzza na Manata, miungu ya kike ya Waarabu wa kabla ya Uislamu, wanatajwa katika Sura ya An-Najm kuwa ni majina matupu waliyoyazua watu, na sijui mzee wa Ngamiani atakayekubali mtoto afanyiwe akika kwa jina la namna hiyo. Pandora hakuwa mungu wa kike, bali mwanamke wa kwanza aliyefinyangwa kwa amri ya Zeus, akafunua mtungi na kuyatoa mabaya yote yakasambaa duniani, likabaki tumaini peke yake. Hata hivyo, mimi nisingelichagua, kwa sababu siku binti atakapoisoma hadithi hiyo atamkuta mwenye jina lake akibebeshwa lawama ya kila balaa.

Rustam ni shujaa wa ngano za Uajemi, na majina ya huko si mageni katika pwani yetu: Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964, aliitwa Jamshid, jina la mfalme wa kale ambaye Waajemi humhesabu kuwa mwanzilishi wa Nairuzi, yaani sikukuu ya mwaka mpya wao. Baba yangu mdogo aliniuliza swali moja tu, kama hadithi ya Rustam ina ubaya wowote, nami nikamjibu kwamba upo, kwani Rustam alimuua mwanawe Suhrab vitani bila kumtambua. Tukaafikiana kwamba mtoto ataisikia kutoka kinywani mwangu kabla hajaisikia kwingine, na ndivyo nilivyofanya. Kilichomsumbua zaidi kijana wangu ni kwamba Suhrab alimuuliza mpinzani wake jina, naye baba akalificha. Mazungumzo tuliyoyafanya kuhusu jambo hilo nayathamini mpaka leo.

Mdogo wake tulimwita Mbega, kwa kuwa mke wangu ni Mshambaa. Mbega wa masimulizi aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, na baba yake alipofariki ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka Nguu na mbwa wake, akawa anawinda nguruwe na kuwagawia watu nyama kila alikopita, hata alipoua simba huko Vuga wenyeji wakamtawaza, na ndipo ulipoanza utawala wa ukoo wa Wakilindi juu ya Washambaa. Shangazi mmoja wa mke wangu aliogopa hilo la ukigego, lakini mimi naona ndiyo sehemu bora kuliko zote, maana mtoto aliyedhaniwa nuksi ndiye aliyekuja kuombwa na watu awe mtawala wao.

Kwa binti yenu, iwapo mkeo anapenda mlio wa Kigiriki, Penelope haliko mbali na Pandora, na lina hadithi ya heshima. Lakini kabla hamjakata shauri, mtajieni mama jina la Mkisi. Mwana Mkisi, katika masimulizi ya Mombasa, ni malkia anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeuasisi mji huo, na sidhani kama mama yako atakuwa na neno juu ya mjukuu kuitwa kwa jina lake.