Maswali na majibu: Dada wa kazi, ajenti na lori la Tunduma

Shikamoo wakili. Jirani yangu ana binti wa kazi wa miaka 15, ameletwa kutoka Singida akiambiwa atasomeshwa. Analala jikoni, hatoki getini, na mshahara anachukua shangazi aliyemleta. Jirani anasema hii si biashara haramu ya binadamu kwa sababu hakuna mpaka uliovukwa. (Tandika)

Marahaba. Jirani anakosea. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, maarufu kwa jina la Palermo, inaangalia mambo matatu: kitendo (kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea, kumhifadhi), njia iliyotumika (nguvu, hadaa, kutumia shida zake) na lengo la kumnyonya. Sheria yetu ya mwaka 2008 nayo inamfikia anayefanya hayo humu humu nchini.

Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haiulizwi kabisa. Hata angeambiwa ukweli wote kule kijijini, kosa lipo iwapo lengo lilikuwa kumnyonya. Si kila dada wa kazi mdogo ameuzwa, lakini kutolipwa na kufungiwa ndani ni dalili nzito. Shangazi yumo, na mwenye nyumba akiwa alimpokea kwa nia hiyo naye yumo. Najua jibu hili linasomwa na baadhi yetu kwenye sofa lililofutwa vumbi na binti kama huyo. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Mdogo wangu alisaini mwenyewe mkataba wa kazi Oman. Alipofika, bosi akachukua pasipoti, na kazi ni nyingine kabisa. Anaogopa kulalamika kwa kuwa alikubali. (Mbagala)

Alikubali kazi aliyoambiwa, siyo aliyoikuta. Ridhaa iliyopatikana kwa hadaa haimsaidii mtuhumiwa. Itifaki inasema hivyo waziwazi. Kuzuiliwa pasipoti kumo katika dalili za kazi za kulazimishwa zilizoorodheshwa na Shirika la Kazi Duniani. Atunze mkataba na meseji za ajenti, awasiliane na ubalozi wetu Muscat. Nanyi huku mshtakini ajenti.

Mimi ni dereva wa lori. Nimeahidiwa hela nzuri niwabebe Wahabeshi hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Wamelipa kwa hiari yao, sasa kosa langu nini? (Kurasini)

Kaka, usiwapakie. Hapo tunaingia itifaki ya pili ya Palermo, ya magendo ya wahamiaji. Hiyo haihitaji hadaa wala unyonyaji: inatosha kumsaidia mtu kuingia nchi nyingine kinyume cha sheria ili upate faida. Hiari yao haikuokoi. Ukiwafungia kwenye kontena wasipate hewa, kuhatarisha maisha kunaongeza uzito wa kosa. Juni 2012, zaidi ya wahamiaji 40 walikutwa wamekufa Dodoma baada ya kusafirishwa kwa lori. Na wakifika mahali wakashikiliwa na kutumikishwa, kesi inaweza kugeuka kuwa ile ya kwanza, ya biashara haramu ya binadamu, nawe ukaulizwa ulijua nini.

Kwa nini basi hao Wahabeshi wenyewe wanafungwa? (Ilala)

Itifaki inakataza kumshtaki mhamiaji kwa sababu tu amevushwa kimagendo. Lakini hiyohiyo inaiachia nchi kumshughulikia kwa makosa mengine ya sheria zake, na kuingia bila kibali ni kosa kwetu. Mlango huo uliachwa wazi mno: dalali aliyekula pesa hayupo kizimbani, aliyelipa ndiye anayesomewa shtaka, tena mara nyingi kwa lugha asiyoielewa.