Barua kwa mwanangu: hapo kuna kesi mbili

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, ila goti la baba yako bado linamsumbua na shamba hataki kuacha. Ujumbe wako nimeusoma, nikampa naye akausoma kwa sauti, tukapandwa na hasira wote wawili. Unasema mtoto ananyang'anywa hela ya maandazi tangu muhula uanze, anaitwa majina, daftari lake limechanwa. Siku aliyorudisha ngumi ndiyo siku aliyochapwa viboko sita mstarini, nawe ukaletewa barua ya wito kwamba una mtoto mkorofi. Unaniuliza uende ukagombane na mwalimu, umhamishe shule, au umwambie avumilie.

Kuvumilia ondoa. Kavumilia muhula mzima, na ndiko kulikomfikisha kwenye hiyo ngumi.

Kabla hujatia mguu shuleni, kaa naye. Usimuulize kwa nini kampiga mwenzake, hilo ameshaulizwa na kila mtu. Muulize anakaa dawati gani na nani, mapumziko wanakwenda wapi, nani huwa yupo hela ikichukuliwa. Andika majina na siku. Mtoto tarehe hazijui, lakini atakwambia ilikuwa siku ya jaribio la hesabu, au siku ile ya mvua kubwa. Na nyumbani asichapwe tena kwa kosa lile lile. Najua baba yake ni mtu wa fimbo. Mwambie nimesema mimi.

Ukifika kwa mwalimu, shika jambo moja: hapo kuna kesi mbili. Kuna ngumi ya mjukuu wangu, na kuna uonevu wa muhula mzima. Shule hupenda kuziunganisha: "walipigana," basi, anachapwa aliyeonekana, yamekwisha. Walimu siwalaumu sana. Mwenye watoto mia darasani huiona ngumi ya pili tu, ya kwanza ilipigwa yeye akiwa ameelekea ubaoni. Kwa hiyo anza wewe kuikubali ngumi. Sema, "Mwalimu, kampiga mwenzake, kakosea, ataomba radhi." Ukishasema hivyo hakuna atakayekuita mzazi wa kudekeza. Kisha toa karatasi yako, uulize ile kesi nyingine itasikilizwa lini. Usiondoke bila kutajiwa siku.

Kaka yako alipokuwa darasa la tano, jina lake lilikuwa halikosi kwenye orodha ya wapiga kelele. Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki. Orodha aliandika kiranja, na kiranja alikuwa chanda na pete na yule kijana aliyekuwa akimtesa. Kila orodha ikisomwa, fimbo. Nilimwomba mwalimu wa darasa, kwa adabu kabisa, tuziweke zile karatasi kando ya daftari la mahudhurio. Tukakuta kaka yako kaandikwa kapiga kelele siku aliyokuwa kitandani na malaria, na kwenye mahudhurio mwalimu mwenyewe kaandika kwa kalamu nyekundu kwamba hayupo. Mwalimu alizitazama karatasi, akazirudia, akamtuma mtoto akamwite kiranja. Sikupandisha sauti hata mara moja. Nawe tafuta kitu cha namna hiyo, kilichoandikwa na shule yenyewe.

Kuhusu viboko, uliza. Vina kanuni zake: havizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye daftari maalumu. Omba ulione hilo daftari. Utaambiwa unakuza mambo, waache waseme. Mwaka 2018 kule Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi alipigwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Mtoto akafa, na mkoba kumbe ulikuwa umebaki kwa bodaboda. Tangu hapo nikisikia mtoto anahukumiwa kabla hajasikilizwa, roho haitulii. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Mwalimu mkuu akikuzungusha, nenda kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Ipo pia namba 116 ya watoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kuhamisha, bado. Ukimhamisha leo ataondoka na sifa ya ukorofi, na yule mwenzake atamgeukia mwingine. Ila ukiona halali usiku, au kila asubuhi tumbo linamuuma na Jumamosi haliumi, usisubiri kikao cha nani. Mtoe.

Naomba pia umpe simu mume wangu jioni anieleze mwenyewe. Usimsemee, na usikae karibu. Nataka kujua nani anamsumbua, na nani rafiki yake, kama anaye. Kama hana, hapo pana kazi nyingine ambayo mwalimu hawezi kukusaidia: mwalike mtoto mmoja wa darasani kwao aje ale kwenu Jumapili.

Mama yako mdogo naye kasikia, anataka kupanda basi aje akusindikize shuleni. Mkatalie. Unamjua mdomo wake, kesi zitakuwa tatu.

Mama yako