Gari limegonga mbele, unataka kulitengenezea nyumbani

Pole sana ndugu yangu. Umesema umegonga nguzo pale Buzuruga, Mwanza, bampa limevunjika, boneti imekunjika na rejeta (ya kupoza maji ya injini) inavuja, na unataka kulitengeneza mwenyewe uani.

Bampa, taa na rejeta unaviweza. Ila kabla hujanunua spea yoyote, fungua bampa uangalie chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Chukua futi ya chuma, pima kutoka bolti ya chesisi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha upande wa pili vilevile. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 5, acha. Lipeleke kwa fundi wa bodi mwenye mashine ya kuvuta, maana chesisi iliyopinda ukiigonga kwa nyundo gari litakula matairi na litavuta upande mmoja daima.

Chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto.

Jambo ninalokusihi zaidi ni loki ya boneti. Mimi niliwahi kuifunga kwa waya. Nikiwa njiani kwenda Magu boneti ikafumuka, ikapiga kioo, sikuona barabara kabisa. Nunua loki nzima, funga na ufungue mara kumi, uisikie ikibana.

Palipochubuka paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mapema, unyevu wa ziwa huleta kutu upesi. Kama una bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, usiguse chochote kabla mkaguzi wa kampuni ya bima hajaliona.